Kadi Iliyochemka Kabatini kwa Mheshimiwa

Juzi mpwa wangu, mtu mzima mwenye ndevu na mke, alinipigia simu akiwa karibu kulia. Kompyuta yake inazimika kila akianza kucheza gemu. Ameshabadilisha kila kinachobadilishwa, ametazama video za mafundi wa nchi ambazo hata majina yake hawezi kuyatamka, na kanisani ameombewa. Basi nikashuka kutoka Rukanga mpaka Voi na magoti yangu haya. Nikaikuta mashine yenye ukuta wa kioo na taa zinazobadilika rangi kama ukumbi wa harusi, imesukumwa pembeni kabisa, mgongo umegusa ukuta, na juu yake, pale hasa panapotokea hewa moto, imetandikwa sweta.

"Sweta ni ya nini?" nikamuuliza.

"Inazuia vumbi, shangazi."

Nikaondoa sweta, nikaivuta mashine mbele kidogo, na kazi yangu ikawa imeisha. Jamaa akaniangalia kwa macho ya kustaajabu. "Shangazi, wewe ni noma!"

Mimi si noma. Noma ni sweta.

Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia nyinyi mnaocheza gemu, kabla sijaitwa tena kuondoa shuka, blanketi au kuku juu ya kompyuta ya mtu. Nimetengeneza vitu vya umeme pale Voi maisha yangu yote ya kazi: nilianza na redio, nikaja televisheni, kisha kompyuta zilipoanza kutufikia miaka ya tisini nikaingia huko pia. Na katika muda wote huo nimeona mashine chache sana zilizokufa kwa ubovu wake wenyewe. Nyingi zimeuawa na mapenzi. Mtu anakipenda kitu chake mpaka anakinyima pumzi.

Kompyuta za kwanza kuja kwetu zilivishwa kuliko mabibi harusi. Monita ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, kibodi kitambaa chake, na kasha lenyewe lilivikwa gauni lenye marinda. Kuna ofisi moja niliwahi kuingia nikaambiwa nivue viatu mlangoni. Nikavua. Ndani nikamkuta karani anaandika barua huku amelifunua gauni kwa mbele tu, kama daktari anayemchungulia mgonjwa mwenye aibu, na mashine inanguruma kwa uchungu. Nikamshauri alivue lote. Akaniambia bosi hataki vumbi.

Vumbi la Voi mnalijua. Lile jekundu lingeingia hata ndani ya yai kama lingetaka. Kitambaa hakijawahi kulizuia. Kinachofanywa na kitambaa ni kulichuja, ili liingie lile laini zaidi.

Sasa nikuelezeni jambo la msingi, maana nimegundua wengi wenu mnajua jina la kadi yenu na namba yake na ndugu zake wote, lakini hamjui inafanya nini. Kadi ya grafiki ni ile bodi inayochora kila kitu unachokiona kwenye skrini. Ukiandika barua, imelala. Ukifungua gemu, umemwamsha kibarua na kumwambia achimbe mtaro huku anakimbia. Kibarua atatoka jasho. Kadi haina jasho. Zile za zamani zilikuwa na kipande cha alumini chenye mapezi mgongoni, na juu yake, ukibahatika, feni ndogo ya kuchekesha. Joto linatoka kwenye kile kidude cheusi katikati ya bodi, linapanda kwenye alumini, hewa inalichukua, hewa inatoka nje. Ukiziba mahali popote katika safari hiyo, joto linarudi nyumbani. Picha zinaanza kuota madoa ya kijani na zambarau, gari lako la mashindano linageuka kuwa vipande vipande, skrini inaganda. Hapo wewe unaita virusi.

Kazi hii nilifundishwa na Fundi Wanyama. Baba yake alikuja Voi kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, na Wanyama akazaliwa kwenye zile nyumba za reli, akakulia hapo, akaoa hapo. Alikuwa mrefu, mpole, na mkali kwa wakati mmoja, na alivaa koti la kazi la bluu hata jua linapowaka mpaka mbuzi wanatafuta kivuli cha nguzo ya stima. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko. Mimi nilikwenda kwake nikiwa tayari najua kutengeneza redio, nikidhani nitapewa meza na mita. Akaniwekea amplifaya ya kanisa iliyowashwa, akaushika mkono wangu akauweka juu yake.

"Mghoi, joto linatoka wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na linakwenda wapi?"

Nikaonyesha palepale.

"Ukijua hilo la pili," akasema, "nitakupa bisibisi."

Nilikaa siku kadhaa nikipapasa amplifaya kama ng'ombe wa maziwa, wateja wakinicheka. Lakini nilipata bisibisi.

Si kila mtu alikuwa na Wanyama. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Salaita, duka lake lilikuwa na kompyuta na friji ya soda, na alisikia mahali kwamba kompyuta haipendi joto. Basi kila ilipomchemkia alikuwa akiichomoa na kuiingiza kwenye friji, kati ya soda nyekundu na soda nyeusi. Ikipoa anaitoa, anaiwasha. Kitu baridi ukikitoa kwenye hewa ya moto kinatokwa na matone ya maji, kila mtu aliyewahi kushika chupa ya soda anajua, na yeye aliuza soda. Alituletea kasha likinuka moshi, akauliza kwa uchungu, "Si mlisema tatizo ni joto?"

Lakini aliyewashinda wote ni Mheshimiwa.

Jina lake lilikuwa Mwandoe. Hakuwahi kuwa mheshimiwa wa mahali popote. Aligombea udiwani mara moja, akashindwa, lakini zile siku za kampeni watu walimwita Mheshimiwa ili awanunulie vinywaji, na baada ya kura akakataa kulirudisha jina. Alikuwa na baa kubwa yenye nyama choma, na sauti ya mtu anayehutubia hata akiagiza chumvi. Miaka ya tisini ikielekea kuisha, binamu yake alirudi kutoka Dubai na kompyuta yenye kadi ya grafiki ya kuchezea gemu za magari. Kitu kama hicho Voi hakikuwepo. Mheshimiwa akaiweka kwenye baa, na watu wakaanza kuja kutoka hata Taveta kutazama magari yanavyokimbia ndani ya sanduku.

Asubuhi ilifanya kazi vizuri. Mchana, baa ikijaa, ilianza kuota madoa na kuganda.

Akatuletea. Wanyama akaifungua, akapuliza vumbi, akaiwasha mezani kwetu kifuniko kikiwa wazi. Ikacheza bila kukohoa. Tukamrudishia. Kesho yake mchana ikaganda. Akaileta tena, tukaiwasha, ikacheza. Safari hiyo Wanyama akamuuliza, "Mheshimiwa, mashine inakaa wapi hapo kwako? Naweza kuja kuiona ikiwa mahali pake?"

"Inakaa pahali pa heshima," Mwandoe akajibu. "Wewe tengeneza. Usitake kuja kunywa bure."

Mara ya tatu alikuja na watu nyuma yake. Akasimama mlangoni mwa kibanda na ile sauti ya kampeni.

"Nimegundua! Hii kompyuta ilitoka Dubai ikiwa nzima. Tangu iguswe na huyu mtu inakuwa mbaya zaidi. Wanyama ametoa kadi yangu mpya ameuza, ameweka takataka ya zamani!"

Vijana, sikilizeni. Fundi hana duka, hana shamba, hana chochote isipokuwa kwamba watu wanamwachia vitu vyao na kwenda zao. Siku watakapoanza kukaa pale kumtazama mikono, amekwisha. Wanyama alikuwa ameshika waya. Akauweka chini taratibu.

"Kadi ni ile ile, Mheshimiwa."

"Thibitisha!"

Tungethibitishaje? Hakuna mtu mwingine Voi nzima aliyekuwa na kadi kama hiyo ya kulinganisha. Binamu wa Dubai, alipoulizwa, akasema haikumbuki sura yake, lakini aliongeza kwamba mafundi wote ni wezi. Msaada mkubwa huo.

Kesi ikapelekwa kwenye kamati ya wafanyabiashara wa mtaa wetu. Mwenyekiti alikuwa Bi Rukia, mama wa pwani ambaye familia yake ilikuwa Voi tangu enzi za babu yake, muuza vitambaa na sharubati baridi. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa na mapozi. Pembeni yake alikaa Mzee Mutua, muuza viatu, mwenye miwani minene na uso wa mtu anayesikiliza mahubiri.

"Sisi hatumhukumu mtu kwa maneno matupu," Bi Rukia akasema. "Kompyuta itakaa kwangu dukani. Tutaifunga karatasi ya gundi kwenye kifuniko, tutie sahihi, asiiguse fundi wala mwenyewe. Tutaiwasha mchana tuuone ubovu wake. Kibanda cha Wanyama nacho kifungwe mpaka ukweli ujulikane. Mwenye neno?"

Nikasema mimi nina neno. Nikaambiwa niketi.

Basi kompyuta ikapelekwa dukani kwa Bi Rukia, ikawekwa juu ya meza tupu, karibu na mlango ulio wazi, chini ya feni ya dari. Na Mzee Mutua akateuliwa kuijaribu kwa sababu ndiye aliyekuwa na muda.

Siku ya kwanza aliligonga gari kwenye kila ukuta. Mashine haikuganda. Siku ya pili alijifunza kukata kona. Mashine haikuganda. Kufikia mwisho wa juma Mzee Mutua alikuwa hafungui tena duka lake la viatu, na wajumbe wengine wa kamati, watu wazima wenye wajukuu, walikuwa wamepanga foleni kwa Bi Rukia, kila mmoja na glasi ya sharubati, wakisema wamekuja "kukagua ushahidi".

"Mpe nafasi mwenzako, Mutua!"

"Ngoja! Uchunguzi haujaisha! Niko nafasi ya pili!"

Haikuganda hata mara moja. Mtu yeyote mwenye akili angesema kesi imekwisha. Lakini kesi ikiisha, mashine inarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo kamati ikaona kwamba uchunguzi unahitaji umakini zaidi.

Na Wanyama? Wanyama kila asubuhi alivaa koti lake la bluu, akaja, akaketi kwenye kigoda mbele ya kibanda chake chenye kufuli. Nilimwambia akapumzike nyumbani.

"Nikikaa nyumbani watasema nimetoroka," akanijibu.

Wateja wakaanza kuja kudai redio zao. Mwenyekiti aliruhusu kibanda kifunguliwe kwa ajili hiyo tu, mbele ya shahidi. Kuna mama mmoja, Wanyama alikuwa amemtengenezea redio hiyo hiyo tangu akiwa msichana. Aliichukua, akaomba bisibisi, akaufungua mgongo wa redio palepale mbele yake, akachungulia ndani. Sijui alikuwa anatafuta nini. Hakuijua transista na hangeitambua hata ikimsalimia. Akachungulia, akafunga, akasema asante, akaondoka. Wanyama alimtazama mpaka akapotea sokoni. Kisha akaanza kufuta vumbi kwenye kioo cha saa yake, akafuta, akafuta.

Hapo hasira ikanipanda. Nikavuka barabara mpaka kwa Bi Rukia. Mzee Mutua alikuwa kwenye kona ya mwisho ya mashindano, ulimi nje.

"Bi Rukia," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "mmekagua vya kutosha. Kama mashine ni mbovu, tuonyesheni ubovu. Kama ni nzima, fungueni kibanda cha mtu. Au kamati imegeuka klabu?"

Sharubati ikasimama kooni mwa wajumbe. Bi Rukia akajitanda mtandio wake vizuri.

"Binti, una ulimi."

"Ninao, Bi Rukia. Na Fundi Wanyama ana watoto."

Nadhani aliona aibu, maana alimgeukia Mzee Mutua akamwambia aache kibodi, na Mzee Mutua akaiacha kama mtoto aliyenyang'anywa embe. Nikaona nafasi, nikasema: "Hapa haigandi. Kwa Mheshimiwa inaganda. Kifuniko hakijafunguliwa, sahihi zenu ziko palepale. Ipelekeni kwake ilivyo, iwekwe mahali pake, mchana, mkiwepo. Mtaona wenyewe."

Wakakubali, na sitawadanganya kwamba ni kwa ajili ya haki. Kwa Mheshimiwa kulikuwa na nyama choma.

Ndipo nikaona kwa mara ya kwanza pahali pa heshima. Mheshimiwa alikuwa amemtengenezesha shemeji yake, seremala, kabati la mvule lenye milango ya kioo na kufuli la shaba. Ndani lilikuwa limepigwa kapeti nyekundu pande zote: chini, juu, ubavuni, mgongoni. Kompyuta iliingizwa humo, ikavikwa kitambaa cha kufuma, milango ikafungwa kwa ufunguo, na waya wa kibodi ukatolewa kwenye tundu ambalo panya angelalamika kwamba ni jembamba. Monita ilikaa juu, ikitazama wateja.

Mzee Mutua akaketi, akachezesha vidole kama mpiga kinanda, akaanza. Baa nzima ikamzunguka. Alikuwa anaongoza. Mimi nikaenda pembeni, nikauweka mkono kwenye ukuta nyuma ya kabati, vile nilivyofundishwa kwenye amplifaya. Nikauondoa upesi. Ukuta ulikuwa moto! Nikazunguka nje kuangalia kuna nini upande wa pili. Nikawakuta wapishi wawili na nusu ya mbuzi. Upande wa pili wa ukuta ule ndiko lilikojengwa jiko la nyama choma, na mchana, wateja wakijaa, lilikuwa linawashwa kwa nguvu zote.

Niliporudi ndani nikakuta kelele. Skrini ilikuwa imejaa madoa ya zambarau na gari la Mzee Mutua limeganda hewani, magurudumu juu.

"Nilikuwa wa kwanza!" mzee alikuwa anapiga meza. "Mmeona wote! Nilikuwa wa kwanza!"

"Mmeona?" Mheshimiwa naye akanguruma. "Kadi bandia hiyo!"

Bi Rukia akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Mheshimiwa akatoa ufunguo kwa shingo upande. Bi Rukia akafungua milango ya kioo, akainamisha kichwa kuchungulia, na joto likampiga usoni mpaka akarudi nyuma akishika mtandio.

"Yarabi! Bwana Mwandoe, hili si kabati, hili ni tanuri! Wewe ungekaa humu?"

"Sasa mnataka niiweke uchi?" Mheshimiwa akauliza, na alimaanisha.

Nikawaita wote nje nikawaonyesha jiko. Wakatazama jiko, wakatazama ukuta, wakatazama mbuzi. Mzee Mutua, ambaye bado alikuwa na uchungu wa ushindi wake, ndiye aliyesema: "Kwa hivyo mbuzi anachomwa huku, na kadi inachomwa kule."

Bi Rukia akatangaza hapohapo kwamba kadi ni ile ile na kibanda kifunguliwe. Kuhusu Mheshimiwa kuomba msamaha, kamati iliona kwamba jambo hilo "liachwe kwa busara yake". Nyinyi mnajua maana ya maneno hayo. Mtu mkubwa akikosea huachiwa busara yake. Wanyama alifunguliwa kufuli, na hakuna mtu aliyemwambia kitu. Redio hazikurudi. Tulikaa siku hizo tukitazamana juu ya meza safi kama ya mgonjwa.

Mheshimiwa alihamisha kabati kutoka ukutani, lakini milango hakuiondoa, kapeti hakuitoa. Haikuchukua muda. Siku moja kabla ya saa za chakula cha mchana tukamwona anakuja, kasha la kompyuta kifuani, jasho linamtoka. Safari hii ilikuwa inapiga kelele kama bati linalosuguliwa na mawe, na ikizimika haiwaki mpaka ikae sana. Mafundi wengine walikuwa Mombasa. Akaliweka kasha kwenye meza yetu.

"Wanyama. Angalia hii kitu."

Watu wa soko wakaanza kusogea. Bi Rukia akatoka dukani kwake, akavuka barabara na kigoda chake, akaketi. Wanyama hakuligusa kasha. Alichukua bisibisi, akaipindua, akamkabidhi Mheshimiwa kwa upande wa mpini.

"Fungua."

"Mimi?"

"Mimi sigusi kompyuta yako, Mheshimiwa. Nitakaa hapa, mikono yangu hii hapa juu ya magoti, kila mtu anaiona. Nitakwambia la kufanya. Utafanya wewe."

Mheshimiwa akacheka, akatazama watu ili wacheke naye. Hawakucheka. Akatazama barabara ya Mombasa. Kisha akashika bisibisi.

Vijana, yale aliyoambiwa Mheshimiwa siku ile ndiyo ninayotaka myashike, kwa hiyo muda wa kucheka umekwisha, au karibu umekwisha. Wanyama alimwambia kwanza achomoe waya wa umeme, kisha aguse chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi. Akamwambia alegeze skrubu ya kadi, aivute taratibu ikiwa imenyooka, asiikamate kwenye yale meno yake ya dhahabu. Skrubu ikamwangukia. Ikabidi mheshimiwa apige magoti chini ya meza kuitafuta.

Kadi ilipotoka, mapezi ya alumini hayakuonekana. Ilikuwa imevaa blanketi jekundu la vumbi, na moshi wa nyama umeligandisha kama uji. "Mafuta ya mbuzi hayo," Wanyama akaeleza, bila kubadilisha sauti. "Chukua brashi. Shika feni kwa kidole isizunguke, uipige brashi polepole. Usipulize kwa mdomo, mdomo una mate. Tumia pampu ya baiskeli." Mheshimiwa akapampu. Wingu jekundu likaruka likatua kwenye shati lake jeupe. Feni ilikuwa imekauka. Akaambiwa aweke tone moja la mafuta ya cherehani chini ya karatasi ya gundi iliyo katikati yake, tone, si kijiko. Akaambiwa aitoe ile alumini, afute kwa spiriti krimu ya zamani ya kupitishia joto iliyokauka, apake krimu nyeupe mpya, ile tuliyotumia kwenye amplifaya. Akapaka kama mtu anayepaka siagi.

"Ondoa. Nyembamba. Ni ya kuziba nafasi, si ya kulisha."

Kisha akamwambia ahamishe kadi ya sauti, iliyokuwa imebanana na kadi ya grafiki, aiweke kwenye tundu la mbali ili feni ipate pa kuvuta hewa. Na kwamba nyumbani milango ya kabati itoke, kapeti itoke, mgongo wa kasha uwe na nafasi, na mchana jua likiwa kali apunguze ukubwa wa picha kwenye gemu, kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kuhesabu majani ya mti wakati gari lake linapinduka.

Kazi ile Wanyama angeimaliza kabla chai haijapoa. Mheshimiwa ilimchukua mpaka adhana ya alasiri. Alipomaliza, akaiwasha. Ikaamka kimya, feni inazunguka kama mpya. Mzee Mutua akaomba aijaribu kidogo, akakatazwa.

"Sasa," Wanyama akasema, "kabla hujafunga kifuniko. Kadi iko?"

"Iko."

"Umeitoa mwenyewe, umeirudisha mwenyewe. Ni ipi? Ile ya Dubai au ingine?"

Mheshimiwa akajifuta uso, akauongezea wekundu. "Ni ile ile," akasema chini chini.

"Bi Rukia hasikii vizuri siku hizi," Wanyama akasema. Bi Rukia alikuwa anasikia mpaka mchwa. Akaweka mkono sikioni.

"Ni ile ile!" Mheshimiwa akapaza, na kwa mara ya kwanza ile sauti ya kampeni ikatangaza jambo la kweli sokoni pale. Mama wa redio alikuwa kwenye kundi. Nilimwona akishusha macho.

Mheshimiwa akafunga kifuniko, akakumbatia kasha lake, akaondoka haraka bila kuaga, watu wakimpisha. Wanyama akafungua droo, akatoa redio moja iliyobaki, akanyoosha mkono juu ya meza bila kutazama, kama alivyofanya maisha yake yote. Mkono ukapapasa mbao tupu.

"Mghoi, bisibisi iko wapi?"

Nikatazama chini ya meza. Nikatazama barabarani. Mheshimiwa alikuwa ameshavuka, na kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake ule mpini wa njano ulikuwa unayumba kila akipiga hatua. Nikavuta pumzi ili nipige kelele ya mwizi, na niwaambieni ukweli, hakuna kelele niliyowahi kuitamani kama ile. Wanyama akanigusa bega.

"Mwache aende," akasema. "Mimi sina kamati."

Akachukua kisu cha mezani, akaanza kufungua redio nacho.